Diwani, Kata na Meya: Somo Tulilolipata kwa Uchaguzi wa Jiji la Leicester

Mwishoni mwa mwaka 2022, mwanafunzi wetu wa zamani aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika jiji la Leicester, Uingereza, alituandikia kuomba ushauri. Alikuwa amepokea barua ya halmashauri ya jiji iliyotaka majina ya wakazi wa nyumba yake wanaostahili kuingizwa katika daftari la wapiga kura. Barua ilitaja uraia, na yeye ni raia wa Uganda. Tukamjibu kwa haraka kwamba haimhusu. Alituamini kama mwanafunzi anavyomwamini mwalimu wake. Ilipofika Mei 2023, Mkenya waliyeishi naye nyumba moja alikwenda kupiga kura, yeye akabaki jikoni akipika chai.

Ndugu msomaji, tulikosea. Sheria ya Uingereza humruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, mwenye kibali halali cha kuishi huko, kujiandikisha na kupiga kura. Uganda, Kenya na Tanzania zimo katika Jumuiya hiyo, na Rwanda ilijiunga mwaka 2009. Wenzetu wa Burundi na Kongo hawamo. Kosa letu halikuwa la sarufi. Tulilichukua neno "raia" kwa maana tuliyoizoea hapa nyumbani, tukampotezea mwenzetu kura. Makala haya yanalenga kueleza jinsi uchaguzi ule ulivyoendeshwa, na kuonyesha ni wapi maneno yetu ya Kiswahili yanafaa na ni wapi yanapotosha.

Diwani na kata

Neno "diwani" lina historia ndefu. Katika miji ya Mrima lilikuwa cheo cha mtawala. Leo nchini Tanzania diwani ni mwakilishi wa kata katika halmashauri. Nchini Kenya lilitumika hivyo hivyo hadi mabaraza ya miji ya zamani yalipoondoka na serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, ambapo sasa wanazungumzia mwakilishi wadi. Kwa Leicester, neno "diwani" linafaa kabisa, ila mwalimu aongeze maelezo.

Mwanafunzi wa Tanzania anajua kwamba kata moja huchagua diwani mmoja. Katika uchaguzi wa 2023, jiji la Leicester lilikuwa na kata 21 na madiwani 54. Kata nyingine zilikuwa na madiwani wawili, nyingine watatu. Kwa hiyo mpiga kura wa kata yenye madiwani watatu aliweza kuweka alama kwa wagombea hadi watatu katika karatasi moja, na waliopata kura nyingi zaidi ndio walioshinda. Anayetafsiri maelekezo hayo kwa kuandika "mchague mgombea umpendaye" amemnyang'anya mpiga kura theluthi mbili za haki yake.

Meya wawili

Hapa ndipo mtego mkubwa ulipo. Tangu Mei 2011 wakazi wa Leicester humchagua wenyewe meya anayeongoza utendaji wa halmashauri. Peter Soulsby wa chama cha Labour alishinda mwaka huo, akarudi 2015, 2019 na 2023. Lakini kando yake kuna meya mwingine, avaaye mkufu wa cheo na kupokea wageni wa jiji. Huyo huteuliwa na madiwani kwa mwaka mmoja, na kazi yake ni ya heshima tu.

Kilichotuchanganya zaidi ni kwamba cheo cha Kiingereza cha huyu meya wa heshima ndicho kile kile anachopewa meya wa Kampala. Naye wa Kampala, chini ya sheria ya mwaka 2010, huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, ilhali mkurugenzi mtendaji wa jiji huteuliwa na Rais. Cheo ni kimoja, watu ni wawili tofauti kabisa. Tunapendekeza "meya mtendaji" na "meya wa heshima" kwa habari za Leicester, wala tusiegemee umbo la neno la Kiingereza.

Kodi ipi?

Mjadala mkubwa wa chaguzi za namna hii huwa juu ya kodi inayotozwa na halmashauri kwa kila makazi. Kwa Uingereza, kiwango chake hufuata makadirio ya thamani ya nyumba ya mwaka 1991. Mwanafunzi mmoja darasani aliitafsiri "kodi ya nyumba". Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba ni pesa anayolipwa mwenye nyumba kila mwezi! Tumekubaliana kutumia "kodi ya halmashauri". Kodi hiyo, pamoja na ruzuku ya serikali kuu na mapato mengine, hugharimia uzoaji taka, maktaba, barabara za jiji na matunzo ya wazee. Polisi na hospitali haziko chini ya madiwani.

Siku yenyewe

Uchaguzi ulifanyika Alhamisi tarehe 4 Mei 2023. Vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Kila mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya meya na moja ya madiwani. Kwetu tunakumbuka uchaguzi wa viongozi wa vijiji wa mwaka 2018, ambapo tulipanga foleni nyuma ya mgombea huku jirani akituona. Kule ni kalamu ya risasi na kibanda cha siri. Mwaka huo pia, kwa mara ya kwanza katika chaguzi za halmashauri za Uingereza, ilimlazimu anayepiga kura kituoni kuonyesha kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola ilikubaliwa. Naam, pasipoti ya Uganda iliyokuwa kabatini kwa mwanafunzi wetu ingetosha, kama tu angalikuwa amejiandikisha.

Matokeo yalitushangaza. Siku hiyo chama cha Conservative kilipoteza viti zaidi ya 1,000 kote nchini. Lakini Leicester, ambako mwaka 2019 hakikupata hata kiti kimoja, kilipata 17. Labour ilishuka kutoka viti 53 hadi 31, huku Liberal Democrats na Kijani wakipata vitatu kila kimoja. Kabla ya uchaguzi, uongozi wa Labour wa taifa ulikuwa umewaengua madiwani wake 19 wasigombee tena. Ni dhahiri kwamba mambo ya mtaani yana upepo wake.

Kwa nini jambo hili lituhusu?

Septemba 1972, Idi Amin alipokuwa akiwafukuza Waasia, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwashauri wasiende katika jiji hilo. Maelfu walikwenda hata hivyo. Miaka 50 baadaye, halmashauri ya jiji lile lile ilimwandikia Mganda ikimuuliza kama anastahili kupiga kura, na sisi walimu wake wa lugha ndio tuliomwambia akae kando.

Tangu hapo, katika somo letu la tafsiri, kila neno la utawala huulizwa maswali manne kabla ya kupewa kisawe: nani anachagua? Nani anachaguliwa? Ana mamlaka gani? Nani anaweza kumwondoa? Asiyeweza kuyajibu aendelee kusoma kabla ya kuandika. Mwanafunzi wetu ameshatusamehe. Tunawaomba wasomaji walio na mifano ya aina hii kutoka katika madarasa yao waituletee, tuijadili pamoja.