Urahisi wa Kutumia Mifumo Endeshi: Kipimo cha Kaunta ya Steshenari

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi, hauwezi kuhukumiwa kuwa rahisi au mgumu kabla hakujaulizwa ni nani anayeutumia, kwa kazi gani na katika mazingira gani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, huupima urahisi wa kutumia kwa ufanisi, yaani kazi kukamilika kwa usahihi; kwa tija, yaani muda na juhudi zilizotumika kuikamilisha; na kwa kuridhika kwa mtumiaji mwenyewe. Kiwango hicho huyafunga mambo yote matatu kwenye mazingira ya kazi, na hapo ndipo ulinganisho mwingi wa Windows, macOS na Linux unapopotoka, kwa kuwa hutazama uzuri wa skrini na kuisahau meza ambako kompyuta imewekwa.

Kwenye barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo, meza hiyo mara nyingi ni kaunta ya steshenari, ambako mteja hufika na flashi yake akitaka kuchapiwa barua, kutolewa kopi ya cheti au kujaziwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, huku wengine wakisubiri nyuma yake. Mhudumu hunakili faili, huchomoa flashi na kuirudisha papo hapo. Tendo hilo dogo huipambanua mifumo kuliko rangi za madirisha yake. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, Windows kwa kawaida huandika data kwenye flashi bila kuichelewesha, hivyo kuichomoa baada ya kunakili kukamilika hakuleti madhara kwa kawaida. Linux, kwa upande wake, huweza kuihifadhi data kwa muda kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuiandika baadaye kidogo, kiasi kwamba skrini huonyesha kazi imekwisha ilhali faili bado haijafika yote, na mteja aliyeondoka kwa haraka hufika nyumbani na faili isiyofunguka. Kosa hilo si la mhudumu. Mfumo unaosema kazi imekwisha kabla haijaisha umeshindwa kwenye ufanisi, ambao ndio msingi wa vipimo vyote, hata kama una sababu nzuri za kiufundi za kufanya hivyo.

Printa nayo huhitaji draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa, na watengenezaji wengi huiandaa kwanza kwa ajili ya Windows. macOS ina sifa zake za kweli, lakini hufungamana na kompyuta za Apple, ambazo bei yake huziweka mbali na kaunta nyingi.

Hata hivyo, mizani hubadilika kompyuta inapozeeka. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kumbukumbu ya angalau GB 4 pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina, wakati yapo matoleo mepesi ya Linux yanayoendelea kuzihudumia mashine hizo bila malipo. Lugha pia si pambo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo baadaye ikatoa Windows yenye sura ya Kiswahili. Inasikitisha kwamba kazi hiyo kubwa haionekani kwenye kaunta nyingi, kwani anayejifunza kompyuta kwa lugha anayoielewa huokoa muda ambao angeutumia kukariri.

Mwenye steshenari anayefikiria kuhamia Linux asifute Windows kwanza. Toleo la Linux kama Ubuntu huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta, hivyo ajaribu kwa njia hiyo printa yake, skana yake na flashi za wateja wake kwa siku ya kazi nzima, kisha ndipo aamue.