Unawazia Canada bila ofa ya kazi? Piga hesabu kabla ya kutuma maombi

UMEFUNGUA simu asubuhi, ukaona mliyesoma naye kidato cha nne amesimama kwenye theluji, mabegi mawili kando yake. Wewe uko kwa matatu, Thika Road imeziba na bosi ameshapiga mara mbili. Kabla ufike kazini, ushaamua: mwaka huu lazima utume maombi ya Canada.

Wazo si baya. Swali ni, utume lini? Hapo ndipo vijana wengi huteleza. Kuna anayekimbilia mapema na alama zisizoweza kumfikisha popote. Kuna mwingine anayesubiri ofa ya kazi hadi umri unakula alama alizokuwa nazo.

Tuanze na hiyo ofa. Mpango wa Express Entry, ulioanza Januari 2015, una mlango wa wafanyakazi wenye ujuzi ambao haukulazimishi kuwa na mwajiri kule. Unatakiwa kuwa na angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi, masomo yaliyotathminiwa kuonyesha yanalingana na ya Canada, matokeo ya mtihani wa Kiingereza au Kifaransa, na alama 67 kati ya 100. Ukishaingia, unapewa alama nyingine, za juu kabisa zikiwa 1,200, kisha unashindanishwa na wenzako. Walio juu ndio hualikwa kutuma maombi.

Zamani ofa ya kazi ilikuongezea alama 50 au hata 200. Tangu Machi 25, 2025, alama hizo ziliondolewa, serikali ya Canada ikisema inataka kupunguza ulaghai wa watu kuuziwa ofa. Kwa hivyo ajenti akikuambia utoe laki tatu akutafutie "ofa ya kupandisha alama", jua anakuuzia hewa.

Sasa turudi kwa lini. Jiulize swali moja tu: nikisubiri mwaka mmoja, nitaongeza alama ngapi na nitapoteza ngapi?

Tuseme una miaka 29, hujaoa wala kuolewa, una digrii moja na miaka miwili kazini. Ulifanya IELTS ukapata 7.5 katika kusikiliza na 6.5 kwingine kote. Umri unakupa alama 110, digrii 120, Kiingereza 92, na mchanganyiko wa masomo, kazi na lugha 26. Jumla ni 348. Hiyo ni chini, tusidanganyane.

Ukisubiri mwaka mmoja, utafikisha miaka 30 na umri utakunyang'anya alama tano. Lakini utakuwa na miaka mitatu ya kazi. Ukirudia IELTS upate 8 katika kusikiliza na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, jumla yako itapanda hadi 424. Umepoteza tano, umevuna zaidi ya 70. Wewe kusubiri kunakulipa, mradi usisubiri ukiwa umekunja mikono.

Chukua sasa kakako mkubwa wa miaka 39. Ana digrii, Kiingereza chake kiko juu, na amefanya kazi miaka kumi. Kazi ya nje ya Canada huhesabiwa kikamilifu ikifika miaka mitatu, basi. Mwaka wa 11 hautamwongezea chochote. Akifika 40 anapoteza alama tano, akifika 41 anapoteza 11 zaidi, na akigonga 45 alama za umri ni sufuri. Huyo akiniuliza, nitamwambia afungue akaunti hata leo jioni.

Kuifungua hakulipishwi, na maelezo yako hukaa humo miezi 12. Ila stakabadhi zina muda wake. Matokeo ya lugha hudumu miaka miwili, tathmini ya masomo miaka mitano. Ukifanya IELTS leo kwa sababu tu mbogi yako inafanya, huku ukiwa hujamaliza hata mwaka mmoja kazini, unaweza kujikuta ukiilipia tena kabla ya kualikwa.

Kisha kuna chapaa. Usipokuwa na ofa ya kazi, lazima uonyeshe pesa za kukuwezesha kuanza maisha. Kiwango hubadilishwa kila mwaka. Kile cha Julai 2025 kilikuwa dola 15,263 za Canada kwa mtu mmoja, kama shilingi milioni 1.4 hivi. Barua ya benki huonyesha pia wastani wa salio la miezi sita iliyopita, na pesa za kukopa hazikubaliwi. Kitita cha harambee kilichoingia wiki jana kitazua maswali. Kwa wengi wetu hii ndiyo saa halisi ya kuangalia, kwa sababu ukialikwa unapewa siku 60 pekee kukamilisha kila kitu, kuanzia barua za waajiri wa zamani hadi cheti cha tabia njema kutoka DCI. Huwezi kuchanga milioni kwa siku 60.

Kingine, tangu 2023 Canada huita pia watu kwa makundi, kwa mfano wahudumu wa afya, mafundi na wanaojua Kifaransa. Ukifika kiwango kizuri cha Kifaransa juu ya Kiingereza chako, unaongezewa alama 50, na raundi za kundi hilo mara nyingi zimekuwa na alama za chini kuliko nyingine. Alliance Française wako Nairobi na Mombasa. Mwaka wa kusubiri ukiutumia darasani, huo si mwaka uliopotea.

Usiache kazi kwa sababu umefungua akaunti. Usiuze ploti ya mzee. Hakuna aliyekuahidi mwaliko, na mwajiri wako wa leo ndiye atakayekuandikia barua kesho. Kikokotoo cha alama kiko bure kwenye tovuti ya serikali ya Canada. Kitakuchukua dakika kumi ukiwa kejani. Kijaze mara mbili: mara ya kwanza kama ulivyo leo, mara ya pili kama utakavyokuwa mwaka ujao.

Wahenga walituambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wahenga hao hao wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hizo hesabu mbili zitakuambia ni methali gani inakuhusu wewe.