Neno 'asili' lisitupumbaze kuhusu majeraha ya kichwa

Ukipita Tassia jioni, watu wanapoteremka kutoka matatu za barabara ya Outer Ring, hutakosa kumkuta mchuuzi aliyetandaza vifurushi vya unga wa manjano, tangawizi na mizizi isiyo na majina. Mwulize dawa ile yatibu nini, naye atakutajia maradhi kumi pasi na kupumua. Siku hizi ameongeza la kumi na moja: kichwa kilichogongwa. Katika mtaa ambao bodaboda ndiyo miguu ya wengi, wateja wa dawa hiyo hawawezi kukosekana.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu. Hata hivyo, silaha kuu ya mchuuzi huyu ni neno, nalo ni 'asili'. Neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya chimbuko au mzizi. Hutuambia kitu kimetoka wapi. Halituambii kitafanya nini kikiingia mwilini. Sumu ya swila nayo ni ya asili.

Haki itendeke, lakini. Wazo lenyewe si la kubezwa. Kichwa kinapogongwa, madhara hayaishii pale pale. Kwa saa na siku zinazofuata ubongo huvimba, na chembe haribifu za oksijeni hushambulia seli zilizosalimika. Hapo ndipo wanasayansi wanapotafuta kinga. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walieleza kwamba kurkumini, kiini cha manjano, ilipunguza madhara hayo katika bongo za panya. Asichokisema mchuuzi ni kwamba panya hao walikuwa wamelishwa kiini hicho kwa majuma manne kabla ya kujeruhiwa. Isitoshe, kurkumini hufyonzwa kwa shida mno mwilini. Utafiti wa mwaka 1998 kutoka India ulionyesha kuwa kiini cha pilipili manga huongeza ufyonzwaji huo kwa asilimia 2,000 (wapishi wetu wa pwani, waliochanganya viungo hivyo tangu jadi, wasitabasamu mapema, kwani kijiko cha mchuzi si kipimo cha dawa).

Na kutoka panya hadi mtu kuna safari ndefu. Projesteroni ni homoni ya asili ya mwili wetu wenyewe, nayo iliwaponya panya vizuri. Mwaka 2014 matokeo ya majaribio mawili makubwa yalichapishwa, moja la wagonjwa 882 na jingine la wagonjwa 1,195 waliojeruhiwa ubongo. Haikuwafaa kitu.

Kuna hatari nyingine. Kitunguu saumu kikitumiwa kwa wingi huweza kuizuia damu isigande upesi, ilhali aliyegongwa kichwa huenda anavuja damu ndani ya fuvu. Anayetapika mara kwa mara, anayelemewa na usingizi usio wa kawaida, anayekokoteka maneno, au ambaye mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko ya pili, ni wa kukimbizwa hospitalini wala si wa kukorogewa uji wa manjano.

Sisi walimu tunahusika zaidi ya tunavyodhani. Tangu mwaka 1861, Mfaransa Paul Broca alipomchunguza mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, 'tan', tumejua kwamba lugha ina makao katika ubongo, na makao hayo huweza kubomoka. Mwanafunzi hodari aliyeanguka kwenye pikipiki hurejea darasani bila kidonda, kisha akalitafuta neno 'kifutio' asilipate. Aghalabu tutamwita mvivu, na wengine wetu watamwadhibu. Anahitaji daktari, mapumziko, na mwalimu atakayemrudisha kwenye masomo hatua kwa hatua.

Kuhusu kinga, iliyothibitishwa ipo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kujeruhiwa kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69, na kanuni za Kenya za mwaka 2015 zinamtaka hata abiria aivae. Abiria wetu huikataa kwa sababu ya jasho la aliyetangulia au kwa kuchelea kuharibu nywele. Leso safi ya kujifunga kichwani kabla ya kuivaa haizidi uzito wa kifurushi cha manjano.