Starehe ya Mpandaji wa Baiskeli ya Umeme: Uteuzi wa Mhimili wa Tandiko Wenye Springi

Aliyewahi kuendesha baiskeli ile nzito iitwayo Black Mamba hajasahau tandiko lake la ngozi lenye springi nene upande wa nyuma. Baiskeli ya umeme ya siku hizi aghalabu huwa na tandiko jembamba lililokazwa juu ya bomba lisilotikisika, na hapo ndipo kilio cha kiuno huanzia. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuteua mhimili wa tandiko wenye springi, yaani bomba linaloingia katika fremu na kubeba tandiko, lililoundwa ili lishuke na kupanda gurudumu linapopiga shimo.

Kwa nini baiskeli ya umeme hasa? Anayekanyaga baiskeli ya kawaida huinuka tandikoni kila aonapo tuta, na miguu yake humeza kishindo. Mpandaji anayesaidiwa na mota huketi tu, tena akienda kasi zaidi. Iwapo mota imo ndani ya gurudumu la nyuma, uzito wake huongeza kishindo hicho.

Mihimili hii ni ya aina mbili. Ya kwanza ni bomba linaloteleza ndani ya bomba jingine juu ya springi. Bei yake ni nafuu, lakini baada ya muda huanza kuchezacheza, na vumbi likiingia hukwama. Ya pili hutumia mikono ya chuma iliyounganishwa kwa umbo la msambamba, kama Thudbuster ya kampuni ya Cane Creek, ambayo hutumia vipande vya mpira badala ya springi. Tandiko hushuka likielekea nyuma, kule kule kishindo kinakoelekea. Kwa maoni yangu, anayesafiri kila siku katika barabara mbovu asisite kuilipia hii ya pili.

Hata hivyo, kosa kubwa la wanunuzi si la aina bali la uzito. Wengi hubonyeza tandiko dukani kwa mkono, wakiona ni laini wakafurahi. Springi iliyo laini mno kwa uzito wa mpandaji hufika mwisho katika kila shimo, na pigo lile lile humfikia mgongoni. Iliyo ngumu mno haisogei kamwe. Kipimo ni hiki: uketi ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha utazame tandiko limeshuka kiasi gani. Likishuka thuluthi moja hivi ya mwendo wake wote, au pungufu kidogo, springi inakufaa. Mathalani milimita 10 hadi 15 kwa mhimili wenye mwendo wa milimita 50.

Kipenyo nacho hakina mjadala. Vilivyoenea ni milimita 27.2, 30.9 na 31.6, na aghalabu nambari hiyo huchongwa karibu na ncha ya chini ya mhimili wa zamani. Mwembamba huweza kujaziwa kwa bomba fupi lililotengenezwa kwa kazi hiyo, mnene hauingii. Mwenye miguu mifupi apime pia nafasi iliyopo kati ya fremu na tandiko, kwa kuwa sehemu yenye springi haizami ndani ya fremu. Wala mtu asiuinue mhimili kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Fremu huweza kupasuka.

Kabla ya kufungua pochi, lakini, punguza kidogo upepo wa magurudumu, bila kushuka chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha upite tena barabara ile ile.