MBWA MKALI: AMEZALIWA HIVYO AU AMELELEWA HIVYO?



Mbwa akimwuma mtoto kijijini, au akikamata kuku wa jirani, maneno huwa mengi. Mmoja atasema: "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata mama yake alikuwa hivyo hivyo." Mwingine atajibu: "La, kosa ni la mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi." Ubishi huendelea mpaka jua linakuchwa.

Je, nani anasema kweli? Hebu tulitazame jambo hili vizuri, maana si mchezo. Mbwa asiyeshikika ni hatari kwa watoto wetu. Tena ni vigumu kumpatia chanjo, na mbwa asiyechanjwa anaweza kutuletea ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

URITHI NI NINI?

Mwili wa mnyama umejengwa kwa chembe ndogo sana. Hatuwezi kuziona kwa macho tu. Ndani ya chembe hizo mna maagizo ya kuujenga mwili. Wataalamu huyaita maagizo hayo jeni. Mnyama hupata nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo sababu ndama anaweza kuwa na rangi ya mama na umbo la baba.

Jeni hujenga pia ubongo. Kwa hiyo zina sehemu yake hata katika tabia, kama vile woga, ukali na upole.

Mfano tunao nyumbani. Wengi wetu tumepata kumwekea kuku mayai ya bata ayaatamie. Vifaranga wakishatoka, siku wakiona maji huingia na kuogelea. Kuku hubaki ukingoni akilia na kuhangaika. Nani amewafundisha kuogelea? Hakuna. Wamezaliwa nayo.

LAKINI URITHI HAUTOSHI

Sasa tazama upande wa pili. Vifaranga hao hao humfuata kuku kila aendako. Bata aliyetaga mayai akipita, hawana habari naye. Kwa nini?

Mtaalamu mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, alilieleza jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1935. Aliona kwamba watoto wa bata bukini wakianguliwa, hukifuata kitu cha kwanza wanachokiona kikitembea. Wengine walimwona yeye kwanza. Basi wakamfuata yeye, mzee mzima, kana kwamba ndiye mama yao! Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, Karl von Frisch na Niko Tinbergen, kwa kazi yao juu ya tabia za wanyama.

Kumbe urithi humwambia kifaranga, "Mfuate mama." Lakini haumwambii mama ni nani. Hilo hujifunza mwenyewe kwa macho yake. Na muda wa kujifunza ni mfupi sana.

MBWA NAYE ANA MUDA WAKE

Wataalamu wa Marekani walifanya jaribio na kulitangaza mwaka 1961. Waliwafuga watoto wa mbwa katika uwanja wenye ua mrefu. Watoto hao walikaa na mama zao, lakini hawakushikwa wala kuchezewa na watu. Kisha walitolewa kwa zamu, kila kundi kwa umri wake. Walichezewa na watu kwa wiki moja, halafu wakarudishwa uwanjani.

Waliotolewa wakiwa na umri wa kati ya wiki 5 na 9 waliwazoea watu vizuri. Lakini waliokaa mpaka wiki 14 bila kushikwa walikuwa kama wanyama wa porini. Walimwogopa mtu, na kuwazoesha ikawa kazi kubwa.

Je, jeni hazikuwa na kazi hapo? Zilikuwa nayo. Wataalamu wengine wawili wa huko, John Paul Scott na John L. Fuller, waliwalea mbwa wa aina 5 kwa njia moja. Walitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1965. Aina moja iliitwa basenji, mbwa ambao asili yao ni Kongo. Watoto wa basenji wakiwa na wiki 5 waliwaogopa watu sana, wakawa wanakimbia na kutaka kuuma. Aina nyingine walikuwa watulivu. Lakini basenji waliposhikwa na kuzoeshwa, woga wao ulipungua upesi.

Sisi wakulima hatushangai. Ukipanda maharage huvuni mahindi, hata ukitia mbolea namna gani. Lakini mbegu nzuri ya mahindi, ukiitupa kwenye changarawe bila maji, utavuna nini? Mbegu na shamba hufanya kazi pamoja. Urithi na malezi ni vivyo hivyo. Basi wale wabishi wetu wawili, kila mmoja ana nusu ya ukweli.

MBWA WA KULINDA MBUZI

Huko Namibia, tangu mwaka 1994, shirika moja la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa ambao asili yao ni Uturuki. Mbwa hao huanza kukaa na mbuzi au kondoo wakiwa bado wadogo. Wakikua huwaona mbuzi kama jamaa zao. Duma akija, mbwa hubweka na kumkabili. Mifugo hupona, na mfugaji haoni tena sababu ya kumwua duma.

Je, ni lazima mbwa wa kigeni? Hata kidogo. Wanavajo, ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, hutumia mbwa wa kawaida wa mchanganyiko. Huwalea zizini na kondoo na mbuzi tangu wadogo. Wakiwa watu wazima hulinda kundi vizuri.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya kuchukua mtoto wa mbwa, mwangalie mama yake. Kama huwauma watu bila sababu, tafuta kwingine.

2. Usimtenge mtoto wa mbwa na mama yake kabla ya wiki 8. Lakini tangu wiki ya 3 ashikwe kila siku kwa upole. Watoto wetu wakimshika, mtu mzima awepo.

3. Ukitaka alinde mbuzi, akae zizini na mbuzi tangu mdogo. Akiwakimbiza kwa mchezo, mkanye hapo hapo. Usingoje azoee.

4. Usimchokoze ili awe mkali, wala usimpige ovyo. Mbwa anayeuma kwa woga hajui mwizi ni nani na mtoto wako ni nani.

5. Mpeleke kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama hajafikisha miezi 3. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huu unaweza kukomeshwa. Mbwa aliyezoea kushikwa hasumbui siku ya chanjo.

Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama ataugua, maana akianza kuugua kichaa cha mbwa ni vigumu mno kupona.

Na kama mbwa wako amekwisha kukua na ni mkali? Usikate tamaa. Anaweza kupoa kidogo kidogo ukimtendea kwa upole na subira. Lakini kazi hiyo ni ndefu. Wiki chache za mwanzo zingekurahisishia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja tabia moja ya kuku ambayo hakufundishwa, na moja aliyojifunza.
2. Hapa kijijini kwetu, watoto wa mbwa hushikwa na watu wakiwa na umri gani?
3. Tufanye nini ili mbwa wote wa kijiji wapate chanjo?