Kambare Ndani ya Kioo (Sehemu ya Tatu): Gogogo Anayelelewa na Furu

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulizungumzia maji, chujio na sumu ya amonia, kisha tukawaangalia kambare wadogo wa Amerika ya Kusini, ambao hutaga ubavuni mwa kioo pindi maji yanapopoa kidogo. Leo tunarudi nyumbani, Ziwa Tanganyika, kwa samaki ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani wamemfuga kwa miongo mingi ilhali sisi tunamjua zaidi kwa kutuchoma vidole tunapomnasua kwenye nyavu. Ni gogogo mwenye madoa. Wataalamu humwita Synodontis multipunctatus.

Jina hilo alipewa mwaka 1898 na George Albert Boulenger wa jumba la makumbusho la Uingereza, alipokuwa akichambua samaki walioletwa na J. E. S. Moore kutoka safari yake ya Tanganyika ya 1895 na 1896. Boulenger alimwona amekufa, ndani ya chupa ya dawa. Alihesabu miba, akapima kichwa, akaeleza madoa meusi yaliyotapakaa mwilini. Tabia ya samaki mwenyewe ilibaki chini ya maji kwa takriban miaka 90 zaidi.

Tusemee kwanza umbo lake, kwa sababu mnunuzi asiyelijua atauziwa kitu kingine. Gogogo huyu ana macho makubwa, sharubu nyeupe, na mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Madoa yamejaa mgongoni na ubavuni, lakini tumbo ni jeupe, halina madoa. Ukiona tumbo nalo lina madoa, huenda umeonyeshwa ndugu yake mdogo, Synodontis lucipinnis, ambaye kwa miaka mingi aliuzwa kwa jina la petricola, mpaka Jeremy Wright na Lawrence Page walipowachambua upya gogogo wa Tanganyika mwaka 2006 na kumpa jina lake mwenyewe. Huyo mdogo ni samaki mzuri, hutaga kati ya mawe kama kambare wengine, wala hana habari na hadithi ya leo. Wa kuogopwa ni chotara. Yapo mashamba ya samaki wa mapambo yanayochanganya aina mbalimbali za Synodontis kwa kuwachoma sindano za homoni, na wanaozaliwa huuzwa kwa jina lolote litakalompendeza mteja. Bei ikiwa ya chini kuliko inavyotarajiwa na madoa yakawa makubwa yasiyo na mpangilio, acha.

Miba yake mitatu, mmoja wa mgongoni na miwili ya mapezi ya kifuani, husimama na kujifunga wima anaposhtuka. Kwa hiyo usimvue kwa kijavu. Utamaliza jioni ukikata nyuzi kwa mkasi huku yeye akikukoromea. Ndiyo, anakoroma: sauti hiyo hutokana na mwiba wa kifuani kusuguana na kiungio chake. Mswage polepole aingie kwenye bakuli au kopo la plastiki, umwinue pamoja na maji.

Sasa uzazi wake. Msomaji wa kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa kwamba furu jike hubeba mayai mdomoni. Sato naye hufanya hivyo. Dume huchimba shimo mchangani au husafisha jiwe, jike hutaga mayai machache, hugeuka na kuyaokota kwa mdomo, na dume huyarutubisha papo hapo. Kisha jike hufunga mdomo na kukaa na mayai, na baadaye vifaranga, kwa wiki mbili hadi tatu, akila kidogo sana au asile kabisa. Ni malezi ya gharama kubwa, na ndiyo maana idadi ya mayai yenyewe ni ndogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa samaki wa mapambo walianza kushangaa. Jike aliyebeba mayai kwa uaminifu alipoachia vifaranga, walitoka kambare wadogo wenye sharubu. Mwaka 1986 mtafiti Mjapani Tetsu Sato (jina lisimchekeshe mtu wa Mwanza) alichapisha maelezo kamili katika jarida la Nature, kutokana na kazi aliyoifanya Tanganyika kwenyewe. Alikuta vifaranga vya gogogo katika vinywa vya aina sita za samaki wanaoatamia mdomoni. Walikuwa wamekwisha kuwala watoto wa mwenye mdomo.

Mambo huenda hivi. Furu wanapokuwa katika kutaga, gogogo hutokea kwa kundi na kuvamia katikati ya jozi. Hula mayai kadhaa ya wenyeji, na katika vurugu hiyohiyo hudondosha na kurutubisha ya kwao. Mama furu, akiwa na haraka ya kuokoa mayai yake, huokota yote yaliyopo. Yai la gogogo ni dogo kuliko la furu na hukua upesi: katika maji ya nyuzi 26 huanguliwa kwa takriban siku mbili hadi tatu, wakati la furu linahitaji karibu tano au zaidi. Kifaranga cha gogogo humaliza kiini chake mapema, na anapoanza kuhisi njaa vifaranga vya furu ndiyo kwanza vinaanguliwa, vimebeba viini vinono na haviwezi kukimbia. Basi huvila kimoja kimoja, humo humo mdomoni, mwenye mdomo akiendelea kufunga kula kwa ajili yao.

Ndege kekeo hutaga katika viota vya wenzake, na tabia hiyo inajulikana kwa ndege kadhaa. Lakini ukiwaondoa ndege, huyu gogogo ndiye mnyama pekee mwenye uti wa mgongo anayejulikana kutegemea malezi ya wengine moja kwa moja, bila njia nyingine ya kulea.

Hapa ndipo mfugaji anapaswa kutulia na kufikiri, kwa kuwa watu wengi hununua gogogo, huwapa pango, huwabadilishia maji, huwalisha minyoo, halafu hulalamika kwamba hawazai. Hawatazaa. Siri yote ya kumzalisha gogogo ni kumzalisha furu. Ukiwa na furu wanaotaga kila baada ya wiki chache bila hofu, gogogo atajifanyia mengine mwenyewe. Ukiwa na furu wanaojificha, hata kundi zuri la gogogo halitakusaidia.

Lakini furu yupi? Swali hili limejibiwa na wafugaji kwa uzoefu, kisha na maabara kwa hesabu. Mwaka 2018 Radim Blažek, Martin Reichard na wenzao, kutoka mji wa Brno katika Jamhuri ya Cheki, walichapisha majaribio waliyowalinganisha samaki wa Tanganyika, ambao wameishi na gogogo huyu tangu zamani, na samaki wa maziwa mengine ya Afrika ambao mababu zao hawakuwahi kumwona. Wenyeji wa Tanganyika waliambukizwa mara 3 hadi 11 chini ya wageni. Tena watafiti walipoyaingiza mayai ya gogogo wenyewe katika vinywa vya majike, gogogo walinusurika mara 7 zaidi kwa wageni, kwa sababu wenyeji huyatema mayai wasiyoyaamini. Ujanja huo una gharama: katika kutema ya kambare, hutema na ya kwao. Na si urithi peke yake unaofanya kazi. Jike wa Tanganyika aliyewahi kuvamiwa hujifunza, na safari nyingine hasara yake hupungua.

Kwa mfugaji maana yake ni kwamba samaki wa Tanganyika, pamoja na kuwa ndio walezi wa asili, ni walezi wabaya ndani ya tangi. Wafugaji wengi hutumia mbuna wa Ziwa Malawi au furu wa Ziwa Victoria, na hao hudanganyika kwa wepesi wa kusikitisha.

Ninasita kidogo kuhusu furu wa Victoria. Baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na kufumuka miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilipungua vibaya au zikatoweka. Baadhi ya zilizobaki zina watunzaji wachache kwenye matangi, na kila uzao una thamani. Chukua nyererei, furu mwekundu wa Ghuba ya Mwanza aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Kumweka jike wa ukoo wa porini wa samaki kama huyo alee kambare, huku watoto wake wakiliwa, ni ubadhirifu. Tumia mbuna wa kawaida wanaozaana hata wasipotakiwa, au furu ambao tayari wamekwisha changanyika madukani na hawafai tena kutunziwa ukoo.

Tangi liwe na lita 300 au zaidi. Gogogo ni wa makundi. Nunua sita wachanga, uwakuze pamoja, uvumilie mwaka mmoja na zaidi mpaka wapevuke. Katika tangi wengi hufikia karibu sentimita 15. Jike hutambulika kwa tumbo lililojaa anapotazamwa kutoka juu. Upande wa walezi, weka dume mmoja kwa majike wanne au watano, ili dume asimfukuze mmoja hadi kifo. Maji ya Tanganyika ni magumu na yana pH ya karibu 9. Mbuna na furu wanaridhika na 8 hadi 8.5, na gogogo hana shida na hapo. Mahali ambapo maji ya bomba ni laini, mawe ya chokaa ndani ya chujio hupandisha kiwango taratibu. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Mfugaji wa Dar es Salaam hahitaji hita. Wa Nairobi au Mbeya mwezi Julai hawezi kuikwepa.

Mawe ya kujificha yapangwe pembeni, na katikati pabaki wazi, na kigae bapa au mchanga. Dume akichagua kutaga ndani ya pango jembamba, gogogo hawaingii. Hili dogo limewakosesha watu vifaranga kwa miezi.

Mchana gogogo hulala kichwa chini nyuma ya mawe kama vile tangi ni tupu. Siku furu wanapoanza kuzungukana, wanatoka wote, mchana kweupe, wakijipitisha chini ya matumbo ya wenyeji. Dume wa furu huwapiga, nao hawajali. Ngozi yao ni ngumu na miba iko tayari. Usiwashe taa ya ziada wala usitie mkono. Ukishaona jike mmoja amefunga mdomo na kidevu kimetuna, hesabu siku.

Zipo njia mbili za kuendelea. Ya kwanza, mwachie mama alee. Mhamishe kwenye tangi dogo la pembeni, tulivu, na baada ya siku 12 hadi 14 mshike kwa mkono uliolowa, umwinamishe juu ya bakuli la maji yaleyale, umfungue mdomo polepole kwa ncha butu. Watatoka gogogo kadhaa, pengine mmoja tu, wenye madoa tayari. Uchache usikushangaze: nao hulana wakiishiwa na watoto wa furu. Jike huyo apumzishwe na kulishwa vizuri kabla ya kurudishwa kwa dume, maana amefunga wiki mbili kwa kazi isiyo yake.

Njia ya pili ni kuyatoa mayai siku ya kwanza au ya pili, kuyatenganisha madogo na makubwa, na kuyaweka katika kopo lenye mkondo mdogo wa hewa unaoyageuza bila kuyagonga. Hupata kambare wengi zaidi, na vifaranga vya furu hupona pia. Kazi huanza wanapomaliza kiini. Wanataka artemia walioanguliwa siku hiyohiyo, mara tatu au nne kwa siku, na wapangwe kwa ukubwa kila baada ya siku chache. Aliyewazidi wenzake hata kwa milimita chache atawala. Mimi naipendelea njia hii, ingawa wapo wafugaji stadi wanaosema kambare waliokulia nje ya mdomo hupoteza kitu. Sijaona tofauti hiyo kwenye tangi.

Jambo moja halina mjadala. Gogogo waliozidi wauzwe, wagawiwe, au waliwe, lakini wasimwagwe mtoni wala ziwani. Ziwa Victoria limejaa samaki wanaoatamia mdomoni ambao hawajawahi kumwona huyu mgeni, na tumekwisha ona jinsi wasiomjua wanavyomlelea wanawe.

Vifaranga wakifikia sentimita 3 hula vyakula vikavyo vya kuzama, na vita vyao hupungua. Hapo wanaweza kuwekwa pamoja na wakubwa, ila wapewe chakula baada ya taa kuzimwa, la sivyo mbuna watakimaliza kabla hawajatoka mafichoni.

Wiki ijayo: kambare mnyonyaji wa kioo, Ancistrus, na dume anayekaa pangoni na mayai.