Kipakiaji kidogo: Pima mzigo, hesabu saa, ndipo ununue

WAFANYABIASHARA wanaopata kazi za kusawazisha viwanja, kutengeneza bustani au kupakia mchanga na samadi huvutiwa na kipakiaji kidogo, ile mashine fupi ambayo wengi huiita kwa jina la kampuni moja tu, Bobcat. Ni mashine nzuri, lakini ukiinunua kwa kuangalia bei peke yake inaweza kumeza mtaji wote.

Asili yake ni shambani. Mwaka 1957 ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller wa Rothsay, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga mashine ya kuzoa samadi bandani. Ilitakiwa iwe nyepesi kwa kuwa banda lilikuwa na ghorofa, tena iweze kugeuka katikati ya nguzo.

Magurudumu ya mashine hii hayakati kona kama ya gari. Ya kushoto huendeshwa pamoja, na ya kulia pamoja. Upande mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma, mashine huzunguka papo hapo huku matairi yakiburuzika. Ndiyo maana inafaa penye nafasi finyu. Lakini hula matairi haraka kwenye lami na zege, na huchimbua nyasi zilizokwisha kupandwa.

Mnunuzi azingatie nini?

Kwanza ni mzigo. Usiridhike na nguvu za injini. Uliza uwezo wake wa kubeba. Kwa mashine ya matairi, kipimo hicho ni nusu ya mzigo unaoweza kuipindua kwa mbele. Kwa ile ya minyororo, kwa kawaida ni asilimia 35. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa karibu kilo 1,600. Hivyo ndoo ya mita 0.4 za ujazo ikijaa hufika kilo 640. Mashine ya kilo 600 tayari imezidiwa, na mchanga uliolowa ni mzito zaidi.

Pili ni ardhi. Penye ardhi ngumu, matairi yana gharama nafuu. Penye tope au mchanga laini, minyororo ya mpira haizami kwa urahisi, ila kuibadilisha ni ghali.

Tatu ni mikono. Ipo inayoinuka kwa kupinda, hiyo ni nzuri kwa kuchimba na kusawazisha. Ipo inayoinuka karibu wima, hiyo ni nzuri kwa kupakia tipa. Pima kwanza urefu wa bodi ya tipa unayotumia.

Nne ni vifaa vya kufunga mbele, kama uma wa kubebea matofali, keekee ya kuchimba mashimo ya nguzo au kifyekeo. Vinavyozunguka huendeshwa na mafuta ya haidroliki, hivyo linganisha lita kwa dakika zinazotoka kwenye pampu na zile ambazo kifaa kinahitaji.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa mashine iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 60, ikauzwa baada ya miaka mitano kwa milioni 20. Imepoteza milioni 40. Ikifanya kazi saa 1,000 kwa mwaka, kila saa inabeba shilingi 8,000 za hasara hiyo. Ikifanya saa 250 tu kwa mwaka, kila saa inabeba 32,000. Hapo hujagusa dizeli, mwendeshaji, vipuri wala riba ya mkopo. Mteja hatakulipa zaidi kwa sababu mashine yako hulala.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa, kodi kwanza. Andika katika daftari saa ulizokodi na fedha ulizolipa kwa misimu miwili, wa mvua na wa kiangazi. Saa zikiwa nyingi na za uhakika, nunua. Zikiwa chache, endelea kukodi au ununue kwa ubia na wenzako.

Ukishanunua, mfundishe mwendeshaji mambo matatu: mzigo ubebwe chini, upande mzito wa mashine uelekee juu ya mlima, na mtu asipite chini ya mikono iliyoinuliwa bila kufungwa kwa kizuizi chake. Ajali moja yaweza kugharimu maisha, na faida ya mwaka mzima pia.